Hesabu ya Waliochukuliwa na Maji

Mto Njoro, nyavu tatu, mchana mmoja na usiku wake.
Wa kwanza juu, chini ya miti ya Logoman.
Wa pili hatua mia baada ya kivuko cha punda.
Wa tatu kule mchanga ulikolala
kama unga uliomwagika, hakuna wa kuuzoa.

Daktari Mideva aliagiza: kila saa tatu
toa, suuza, tia chupani, andika kwa penseli,
maana wino hukimbia ukikutana na spiriti.
Kisha akaenda kulala garini.
Nikabaki na tochi, na soksi mbichi,
na Gathitu mlinda nyavu, amenyaye muwa gizani
asijikate.

Mchana mto wa mawe huonekana mtupu.
Usidanganyike. Geuza jiwe:
yumo, bapa kama mbegu ya boga,
kucha sita zimeshika,
mkia nyuzi tatu, matamvua ubavuni yakipepea,
anapumua maji.
Jirani yake kajijengea nyumba ya changarawe,
chembe kwa chembe, kwa uzi wa kinywa chake,
hana fundi, hana hati.

Giza likiingia, samaki haoni,
wanapanda juu ya jiwe kula ukoga.
Mguu ukiteleza, basi, wamechukuliwa.
Wengine huachia wenyewe:
majirani wamezidi, chakula kimekwisha,
na maji yapo, yanapita, hayatozi nauli.
Hawaendi mbali. Mita nane, kumi,
jiwe jingine linawadaka,
au mzizi wa mzambarau mwitu,
au fungu la majani yaliyonasa kwenye gogo.

Saa tatu usiku: mia na wanne.
Saa sita: sitini na mmoja.
Alfajiri: kumi na tisa.
Ndivyo mto unavyopumua
penye mahali pa kushika.

Wavu wa pili haukujua usiku ni nini.
Saa nne asubuhi, jua kali,
punda kumi na wawili na mapipa yao,
kwato zinasaga, ndoo zinakwangua,
tope linapanda kama moshi wa kuni mbichi.
Nikafungua: mia tatu na kumi na wawili.
Si walioteleza hawa, wala walioachia.
Miguu imekatika,
nyumba za changarawe zimepasuka
na wenyewe wamo, uchi, weupe.

Wa tatu ulitoka safi.
Mara ya kwanza, ya pili, ya tano, safi.
Kizibo cha soda. Uzi wa gunia.
Gathitu akatema kapi la muwa:
"Huku basi wametulia."
Nikaandika sifuri. Penseli ikakataa kwenda mbele.
Wametulia?
Mchanga hauna mgongo, hauna kwapa, hauna chini.
Asiyekuwepo hachukuliwi.

Nilikumbuka karani wa sensa,
alivyosimama uani kwetu Ng'ondu, ubao mkononi:
"Wangapi wamehama mwaka huu?"
Mama akajibu, hakuna.
Hakudanganya.
Milango sita ya mabati, mitano ina kufuli la kutu,
na sisi wa mwisho tukijibu kwa niaba ya ploti nzima.

Daktari alifurahia jedwali, akasema mistari imenyooka.
Sikumwambia kuhusu mlango wa sita.

Jiwe lililoegemeza nguzo ya wavu wa tatu
tulilisahau palepale mchangani.
Gathitu ndiye aliyelileta, kwa toroli, kutoka juu,
akilalamika njia nzima.
Wiki ya tatu nilirudi kuchukua kamba,
nikaligeuza, kwa mazoea tu.

Mmoja.
Bapa. Kucha sita.
Chupa ilikuwa mfukoni.
Nikalirudisha jiwe polepole,
upande uleule.